Sayari Inaporudi Nyuma: Mwongozo wa Kufundisha Historia ya Modeli za Mwendo wa Sayari

Somo hili huharibika mapema, pale linapoanza na jibu. Ubaoni panaandikwa "jua liko katikati", zinachorwa sayari nane, kisha panatajwa kwa haraka kwamba watu wa zamani walidhani dunia ndiyo iko katikati. Mwanafunzi anatoka darasani akiamini kwamba Ptolemy, aliyeweka dunia katikati, hakuwa na akili na Copernicus, aliyeweka jua katikati, alikuwa nazo. Hajui kwamba modeli ya Ptolemy ilitumika kukokotoa mahali pa sayari kwa zaidi ya miaka 1,300, wala hajui ni ushahidi gani hasa ulioiangusha. Mwongozo huu unaanzia angani, unapita uwanjani, ndipo unafika ubaoni. Umeandikwa kwa walimu wa fizikia na jiografia wa Mwanza na shule za kando ya Ziwa Victoria, ambako vifaa vya maabara ni vichache lakini anga na upeo wa macho vinatosha.

Panga vipindi sita vya dakika 40, viwili kati yake vikifuatana kwa ajili ya kazi ya uwanjani. Kabla ya hapo, wape wanafunzi wiki sita za kutazama anga wakiwa nyumbani. Wiki hizo ndizo walimu wengi huzikata, na ndizo zinazolipa zaidi.

Majina kwanza

Vitabu vyetu havikubaliani juu ya majina ya sayari. Iliyo karibu zaidi na jua utaikuta ikiitwa Zebaki katika kitabu kimoja na Utaridi katika kingine. Chagua orodha moja, iandike kwenye karatasi ya manila na ibandike ukutani kwa muhula mzima. Humu tunatumia Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Hizo tano ukiiondoa Dunia ndizo zilizojulikana tangu kale, kwa sababu zinaonekana kwa macho matupu. Waambie pia kwamba neno "sayari" limetoka Kiarabu na lina maana ya kitu kinachokwenda. Jina lenyewe ni taarifa ya mtazamaji: nyota nyingine hubaki katika mpangilio wao, lakini hizi zinatembea.

Wiki sita za anga

Mwanza iko karibu nyuzi 2.5 kusini mwa ikweta. Kwa hiyo njia ya jua na sayari husimama karibu wima juu ya upeo wa macho wakati wa machweo. Zebaki, ambayo kaskazini mwa Ulaya mara nyingi huzama ndani ya mwanga wa jioni kabla haijaonekana, kwetu hubaki juu kiasi cha kutosha. Isitoshe, fukwe nyingi za jiji hutazama magharibi juu ya maji, bila ghorofa wala miti mbele yake.

Jua la Mwanza huzama kati ya saa 12:30 na saa 1:10 jioni mwaka mzima. Wanafunzi wengi hushangaa kwamba adhuhuri ya kweli, kivuli kinapokuwa kifupi kuliko vyote, haiwi saa 6 kamili bali karibu saa 6:48 mchana kwa wastani. Sababu ni kwamba saa zetu zinafuata longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mwanza iko nyuzi 12 magharibi ya hapo. Kila nyuzi moja ni dakika 4.

Kila mwanafunzi afanye hivi:

1. Apime pembe kwa mkono ulionyooshwa. Ngumi ni kama nyuzi 10, kidole cha mwisho ni kama nyuzi 1. Ajaribu ngumi yake kwanza: kutoka upeo wa macho hadi utosini lazima ziingie ngumi 9. Zikiingia 8 au 10, akunje au anyooshe mkono zaidi mpaka zitimie 9, na mkono ubaki hivyo hivyo siku zote.

2. Zuhura ikiwa nyota ya jioni, aandike saa jua linapozama na saa Zuhura inapozama. Tofauti ya saa moja ni nyuzi 15. Huku kwetu hesabu hii hukaa vizuri kwa sababu sayari hushuka karibu wima. Ukiwa mbali na ikweta haifanyi kazi hivi.

3. Mara moja kwa wiki achore Mirihi, Mshtarii au Zohali, ile inayoonekana, pamoja na nyota mbili au tatu za jirani. Mchoro usizidi ukubwa wa ngumi mbili. Anayechora anga zima hawezi kuona sayari ikisogea.

Makosa hujirudia yale yale. La kwanza ni taa za wavuvi wa dagaa. Zikiwa mbali ziwani zinafanana kabisa na sayari iliyo chini, na mtoto ataandika "Zuhura" kwa wiki nzima. Dawa ni kusubiri dakika 20: sayari itakuwa imeshuka nyuzi 5, taa itakuwa pale pale juu ya maji. Wakati wa mbalamwezi wavuvi wa dagaa hupumzika, kwa hiyo siku za mwezi mpevu tatizo hilo hupungua. La pili ni kutazama jua lenyewe wakati wa kuandika saa ya machweo. Mkataze mwanafunzi kulikodolea jua hata likiwa jekundu, na mwiko kabisa kulitazama kwa darubini. Aandike saa ukingo wake wa juu unapotoweka. La tatu si la anga: wasikae ukingoni penye matete. Kiboko hutoka majini kwenda malishoni saa hizo hizo.

Juni hadi Agosti ndiyo miezi mizuri. Kuna vumbi na moshi chini karibu na upeo, lakini mawingu ni machache kuliko wakati wa masika.

Mwisho wa wiki sita, kusanya matokeo na uandike ukweli tatu kwenye manila. Modeli zote zinazofuata ni majaribio ya kuueleza.

Wa kwanza: Zebaki na Zuhura hazitoki mbali na jua. Zuhura haizidi nyuzi 47 hivi, yaani inazama kiasi cha saa tatu baada ya jua, basi. Zebaki haizidi nyuzi 28.

Wa pili: Mirihi, Mshtarii na Zohali huweza kuonekana usiku wa manane. Kwa kawaida husogea mashariki kati ya nyota, lakini zikiwa mkabala na jua, yaani upande wa pili wa anga, Dunia ikiwa katikati, hugeuka na kurudi magharibi kwa wiki kadhaa, na ndipo hung'aa kuliko wakati mwingine wowote.

Wa tatu hauonekani kwa wiki sita, kwa hiyo wape tarehe. Mirihi ilikuwa mkabala na jua tarehe 27 Julai 2018, 13 Oktoba 2020, 8 Desemba 2022 na 16 Januari 2025. Mara inayofuata ni 19 Februari 2027. Wahesabu wenyewe siku zilizo katikati. Watapata 809, 786, 770 na 764. Wastani wa muda mrefu ni kama 780, lakini hakuna hata mara moja kati ya hizo iliyogonga 780. Usieleze sababu bado. Acha namba hizo zikae ukutani. Kila modeli utakayoifundisha italazimika kujibu swali lao.

Uwanjani: Dunia inaipita Mirihi

Hii ndiyo kazi kubwa ya mada nzima, na inastahili vipindi viwili vinavyofuatana. Unahitaji kamba isiyovutika ya mita 7, vigingi 19, chokaa au majivu, na ubao wa plaiwudi wa duara uliochorwa nyuzi kutoka 0 kila upande, wenye fimbo nyembamba ya kulengea katikati. Kadibodi ngumu nayo inafaa.

1. Chomeka kigingi cha jua katikati ya uwanja. Chora duara la mita 4.0 (Dunia) na la mita 6.1 (Mirihi). Uwiano wa kweli ni 1 kwa 1.524.

2. Tafuta alama ya mbali, angalau mita 500. Hapa Mwanza hupati shida: chagua jiwe moja kubwa juu ya kilima. Chora mstari kutoka kwenye jua kuelekea jiwe hilo. Pale mstari unapokata kila duara, chomeka kigingi namba 0.

3. Kwenye duara la Dunia, weka vigingi kila nyuzi 30. Huna haja ya kipimapembe. Pima umbali wa moja kwa moja wa mita 2.07 kutoka kigingi hadi kigingi. Ukiendelea kupima kuzunguka duara lote, kipimo cha 12 lazima kiangukie pale ulipoanzia. Kisipoangukia hapo, ama kamba imevutika ama duara si mita 4.

4. Kwenye duara la Mirihi, weka vigingi kila nyuzi 16, yaani kila mita 1.70. Hiyo ndiyo safari ya Mirihi katika muda ambao Dunia inakwenda nyuzi 30, kwa sababu mwaka wa Mirihi ni miaka 1.88 ya kwetu.

5. Kwa duara zote mbili, andika namba kutoka −4 hadi +4, zikipanda kinyume cha mwendo wa saa, na 0 ikiwa kwenye mstari wa jiwe.

6. Mwanafunzi mmoja awe Dunia, mwingine Mirihi. Wote waanze kwenye −4. Kwa kila kofi, kila mmoja asogee kigingi kimoja. Dunia aelekeze alama ya 0 ya ubao wake kwenye jiwe la kilimani, kisha alenge Mirihi kwa fimbo na asome pembe. Kushoto ni jumlisha, kulia ni toa. Mwingine aandike.

Majibu sahihi, kutoka −4 hadi +4, ni haya: −23, −7, +4, +8, 0, −8, −4, +7, +23. Makosa ya nyuzi 2 au 3 hayana neno. Mirihi imekwenda kushoto, imesimama karibu na +8, imerudi kulia mpaka −8, kisha imeendelea na safari. Mtoto aliyekuwa Mirihi hakuwahi kurudi nyuma hata hatua moja. Muulize mbele ya wenzake; atakuwa shahidi bora kuliko maelezo yoyote. Anayetoka Ukerewe kwa feri ataelewa mara moja: mtumbwi mnaoupita huonekana ukirudi nyuma ukiulinganisha na kilima cha mbali, ingawa mvuvi anapiga kasia kwenda mbele. Kwa ajili ya michoro yao ya usiku, kumbuka kwamba kushoto uwanjani kunasimama badala ya mashariki angani.

Kinachokwamisha zoezi hili mara nyingi ni alama ya karibu. Walimu hulenga ukuta wa darasa ulio mita 30. Ukuta huo hubadili mwelekeo kwa nyuzi 15 hivi kati ya ncha mbili za duara la Dunia, na nyuzi 15 ndio ukubwa wa kurudi nyuma tunaoutafuta. Matokeo yanafutika au yanakuwa maradufu. Kwa alama ya mita 500, kosa hilo halifiki nyuzi 1. Usilipite jambo hili haraka, kwa sababu ndani yake mna hoja kubwa ya kale. Kama Dunia inatembea, mbona nyota hazibadili mwelekeo kama ukuta ule? Wagiriki waliiuliza hoja hii dhidi ya Aristarchus wa Samos, aliyeweka jua katikati katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Jibu lilikuwa kwamba nyota ziko mbali mno. Jibu ni la kweli, lakini kupima mabadiliko hayo kulichelewa hadi mwaka 1838, Friedrich Bessel alipoipima nyota 61 Cygni na kupata takriban theluthi moja ya sekunde ya tao (sekunde ya tao ni sehemu ya 3,600 ya nyuzi moja). Aliyemkatalia Aristarchus alikuwa na sababu nzuri.

Mezani: vijiti viwili vya Ptolemy

Claudius Ptolemy aliandika kitabu chake kikuu Alexandria, Misri, karibu mwaka 150. Wataalamu wa Kiarabu walikiita al-Majisti, na jina hilo ndilo lililobaki. Waonyeshe Alexandria kwenye ramani, kisha ufuate kwa kidole maji yanayotoka ziwani kwetu pale Jinja mpaka delta ya Nile, mashariki ya mji huo. Kazi hii ilifanyika barani Afrika, na kabla ya kwenda Ulaya Magharibi ilipita Baghdad, Cairo na Damascus.

Wazo lake, ambalo sehemu yake lilitangulia kwa Apollonius na Hipparchus, ni kwamba sayari iko kwenye duara dogo, na kitovu cha duara dogo kinasafiri juu ya duara kubwa linaloizunguka Dunia. Lifanyeni kwa vijiti:

1. Kata kijiti cha sm 30.5 na kingine cha sm 20. Viunganishe nchani kwa skrubu ndogo au msumari, vizunguke kwa kukaza kidogo. Ncha huru ya kijiti kirefu ipigiliwe katikati ya manila mbili zilizounganishwa. Hapo ndipo Dunia.

2. Chora mstari wa nyuzi 0. Weka kijiti kirefu kwenye −64 na kifupi kielekee +60. Weka nukta kwenye ncha ya kifupi.

3. Sogeza kirefu kwa nyuzi 16 na kifupi kwa nyuzi 30, zote kinyume cha mwendo wa saa. Weka nukta. Rudia mpaka nukta 9. Kwenye nukta ya tano kirefu kiko 0 na kifupi kiko 180, kikirudi kuelekea Dunia.

4. Unganisha nukta. Kitatokea kitanzi.

5. Pima pembe ya kila nukta kutoka kwenye Dunia.

Watapata −23, −7, +4, +8, 0, −8, −4, +7, +23. Namba zile zile za uwanjani. Acha wanyamaze kidogo mbele ya jambo hilo. Wapime na umbali pia: nukta ya kwanza iko kama sm 25 kutoka Dunia, ya tano iko sm 10.5. Mirihi imekaribia zaidi ya mara mbili wakati inaporudi nyuma, na ndiyo maana hung'aa. Ukweli wa pili kwenye manila umeelezwa wote.

Kosa la kawaida hapa ni kupima nyuzi 30 za kijiti kifupi kutoka kwenye kijiti kirefu. Zipimwe kutoka mstari wa 0 wa karatasi. Ukizipima kutoka kwa kirefu unakuwa umeongeza 16 juu ya 30, na kitanzi kinakaa mahali pasipo pake.

Vijiti vinaonyesha pia kitu ambacho maneno huficha. Kijiti kifupi muda wote kiko sambamba na mstari kutoka Dunia kwenda jua. Kwa Mshtarii na Zohali ni hivyo hivyo. Kwa Zuhura na Zebaki, kijiti kirefu ndicho kinachofuata jua. Ndani ya modeli ambayo jua ni mzungukaji mmoja tu kati ya wengine, kwa nini kila sayari inasikiliza jua? Ptolemy aliziweka kama kanuni, moja moja, na hakuwa na namna ya kuonyesha kwamba ni jambo moja.

Kuhusu namba za ukuta, vijiti hivi peke yake vingetoa 780 kila mara. Ptolemy alilijua tatizo hilo. Aliisogeza Dunia pembeni kidogo ya kitovu cha duara kubwa, na upande wa pili, kwa umbali ule ule, akaweka nukta ambayo ukisimama hapo ungeona kitovu cha duara dogo kikienda kwa kasi sawa. Nukta hiyo ilifanya hesabu ziwe nzuri sana, lakini ilivunja kanuni kwamba mwendo wa mbinguni ni wa duara na wa kasi moja. Ibn al-Haytham, aliyefanya kazi Cairo, aliandika kitabu kizima cha shaka juu ya Ptolemy. Nasir al-Din al-Tusi, kwenye kituo cha kutazamia nyota cha Maragha kilichoanzishwa mwaka 1259, alionyesha jinsi duara mbili zinavyoweza kuzaa mwendo wa mstari mnyoofu, na kwa njia hiyo kuiondoa nukta ile. Ibn al-Shatir wa Damascus, katika karne ya 14, alitengeneza modeli ya mwezi ambayo kihesabu ni ile ile inayokutwa baadaye kwa Copernicus. Toa angalau nusu kipindi kwa watu hawa. Kuruka kutoka mwaka 150 hadi 1543 kunamwachia mwanafunzi picha ya miaka 1,400 ya usingizi, na picha hiyo si ya kweli.

Copernicus alipata nini hasa

Kitabu cha Nicolaus Copernicus kilitoka mwaka 1543. Mwanafunzi asiambiwe kwamba kilikuwa sahihi zaidi katika kutabiri. Hakikuwa hivyo kwa kiasi cha kuonekana, na nacho kimejaa duara ndogo, maana Copernicus hakukubali mwendo mwingine ila wa duara. Hadithi kwamba modeli ya Ptolemy ilikuwa imerundikiwa duara juu ya duara mpaka ikaanguka kwa uzito nayo iacheni.

Alichopata ni umbali. Kwa Ptolemy unaweza kuongeza vijiti vyote viwili mara kumi na pembe zisibadilike, kwa hiyo pembe peke yake hazisemi sayari iko mbali kiasi gani. Jua likiwa katikati, kijiti kinachofuata jua katika kila sayari kinageuka kuwa kitu kimoja: umbali wa Dunia na jua. Chukua pembe kubwa kabisa ya Zuhura, nyuzi 46.3 kwa wastani, utafute saini yake (sin kwenye kikokotoo): 0.723. Huo ndio umbali wa Zuhura kutoka jua, ukiuita wa Dunia 1. Zebaki, kwa wastani wa nyuzi 22.7, inatoa 0.386. Waliorekodi machweo kwa wiki za kutosha watumie namba zao wenyewe. Akipata 0.70 amefanya kazi nzuri.

Mpira mweupe gizani

Funga madirisha ya darasa. Washa balbu moja katikati iwe jua. Choma mpira wa ping-pong kwenye kijiti. Mwanafunzi awe Dunia, mita 2 kutoka kwenye balbu.

Kwa Ptolemy, mpira uende kwenye duara dogo lililo kati ya mwanafunzi na balbu, bila kuvuka nyuma yake. Ataona hilali na giza tu, kamwe hataona mpira umejaa mwanga. Kwa Copernicus, mpira uizunguke balbu. Nyuma ya balbu unaonekana mdogo na umejaa, mbele yake mkubwa na hilali nyembamba. Mwishoni mwa mwaka 1610 Galileo Galilei aliona kwa darubini kwamba Zuhura hupitia sura zote hizi. Kwa mpangilio wa Ptolemy hilo haliwezekani.

Sasa usitangaze ushindi wa Copernicus. Tycho Brahe, wa Denmark, alikuwa ameshatoa modeli ya tatu: sayari zinalizunguka jua, na jua pamoja nazo linaizunguka Dunia iliyotulia. Mwambie aliyeshika balbu atembee taratibu kumzunguka mwanafunzi huku mpira ukiendelea kuizunguka balbu. Sura za mpira ni zile zile. Zuhura ilimwangusha Ptolemy, haikumgusa Tycho. Vitabu vingi vya shule hukosea hapa.

Penye darubini ya macho mawili ya 10×50, iegemezeni juu ya jiwe na mtazame Mshtarii siku nne mfululizo, mkichora miezi yake minne. Mikono mitupu hutetemeka na miezi hupotea. Galileo alianza kuiona tarehe 7 Januari 1610, na ilijibu pingamizi lililodai kwamba Dunia inayotembea ingeuacha mwezi wake nyuma.

Kepler na nusu milimita

Chora duaradufu ya Mirihi kwa kipimo cha kweli. Choma pini mbili zilizoachana sm 1.87. Funga kitanzi cha uzi chenye mzunguko wa sm 21.9, kizungushe pini zote mbili, kaza kwa ncha ya penseli na uchore. Tumia uzi wa kusokotwa wa kushonea nyavu, ambao Kirumba haukosekani. Nailoni laini huvutika na mstari haufungi. Pini moja ni jua.

Kisha wapime. Upana mrefu ni sm 20.0, mfupi ni sm 19.9. Kutoka katikati, duara limebonyea chini ya nusu milimita, lakini jua limehama zaidi ya milimita 9. Michoro ya ukutani yenye njia zilizobapa kama yai imewadanganya miaka mingi: kinachoonekana kwanza si ubapa, ni jua kukaa pembeni. Karibu na jua Mirihi huenda kwa kasi ya asilimia 20 zaidi kuliko inapokuwa mbali. Rudi kwenye namba za ukutani. Mkabala wa Julai 2018 ulitokea Mirihi ikiwa upande wa karibu na jua, ikikimbia, na Dunia ikahitaji siku 809 kuifikia tena. Kuelekea 2027 iko upande wa mbali, inakwenda polepole, na siku 764 zinatosha.

Johannes Kepler aliyapata haya kutoka kwa vipimo vya Tycho, vilivyofanywa bila darubini na vyenye usahihi wa dakika moja au mbili za tao (dakika ya tao ni sehemu ya 60 ya nyuzi moja). Modeli yake ya awali ya duara ilikosea kwa dakika 8, naye akaitupa. Wape wanafunzi ukubwa wake: bandika kizibo cha soda ukutani na wasimame mita 14. Upana wa kizibo ni dakika 8. Matokeo yalichapishwa mwaka 1609. Kanuni ya tatu ikafuata mwaka 1619.

Kanuni hiyo waipate wenyewe kwa kikokotoo. Wape umbali na miaka: Zebaki 0.387 na 0.241; Zuhura 0.723 na 0.615, Mirihi 1.524 na 1.881; Mshtarii 5.203 na 11.86, Zohali 9.54 na 29.46. Umbali mara tatu kwa wenyewe, muda mara mbili kwa wenyewe. Mirihi inatoa 3.54 kote kuwili, Zohali 868. Anayepata tofauti kubwa kwa kawaida amezidisha kwa 3 badala ya kupandisha kipeo.

Isaac Newton, mwaka 1687, alionyesha kwamba mvutano unaopungua kwa mraba wa umbali unazaa kanuni zote tatu. Kipindi kimoja kinatosha kwake hapa, kwa kuwa fizikia itamrudia. Ushahidi wa moja kwa moja kwamba Dunia inatembea ulikuja baadaye, kwa James Bradley katika miaka ya 1720, aliyekuta nyota zote zikiyumba kidogo kwa mwaka kwa sababu ya mwendo wetu, kisha kwa Bessel.

Maswali ya imani, na mtihani

Swali la kesi ya Galileo ya mwaka 1633 litaulizwa, katika darasa lenye Wakatoliki, Waislamu, Waadventista na wengine. Lijibu kwa ukweli wake: alishitakiwa na kulazimishwa kukana, Copernicus mwenyewe alikuwa kanoni wa kanisa kuu, na waliohifadhi na kusahihisha kazi ya Ptolemy kwa karne nyingi walikuwa wanazuoni wa dola za Kiislamu. Wala usiruhusu "watu wa kale walidhani dunia ni bapa" ipite. Aristotle alishaonyesha kwa kivuli cha Dunia juu ya mwezi kwamba ni tufe.

Kwenye mtihani, acha "taja kanuni tatu za Kepler" iwe na alama chache. Alama nyingi ziende kwa maswali ya aina hii: "Sura za Zuhura zinakataa modeli ipi, na haziwezi kukataa ipi? Chora." Anayejibu kwamba zinathibitisha Copernicus apate nusu. Mwingine: "Zuhura ilizama saa 3:20 usiku siku ambayo jua lilizama saa 12:50 jioni. Ilikuwa nyuzi ngapi kutoka jua?" Jibu ni 37.5, na anayejibu 38 amepata. Na wa mwisho, apewe siku 809, 786, 770 na 764 bila maelezo yoyote, aulizwe Ptolemy angezielezaje na Kepler angezielezaje. Sahihisha kila nusu peke yake, kwa sababu anayeijua ya Ptolemy vizuri mara nyingi ndiye aliyeielewa ya Kepler.